Jaji Mmoja, Mji Mzima

Mshonaji alifunga kibanda chake asubuhi, wateja wakabaki wananung'unika. Ilikuwa siku ya kesi. Mume wake alipofariki, mama mkwe alimchukua binti yao, hata kunyonya hajaacha, akakataa kumrudisha. Mshonaji akaenda mahakamani. Sasa mtoto alikuwa anaota meno ya pili.

Mahakamani watu walijaa mpaka kwenye ngazi. Karani akatoka.

"Jaji yuko kwenye kesi ya mauaji. Nyingine zote zimeahirishwa."

"Tena? Kaka yangu, mwanangu anakua!"

"Dada, jaji ni mmoja. Nimkate vipande?"

Watu walicheka. Mshonaji hakucheka.

Mlangoni alisimamishwa na mama mmoja mwenye miwani. Alikuwa ofisa aliyetumwa kupima kazi za mahakama. Mshonaji akamweleza kesi yake, akamtolea hasira zote.

"Si mlete majaji! Nani haoni foleni hii?"

"Tunaiona, mdogo wangu. Lakini tukiomba majaji tunaulizwa, wangapi? Zamani tulihesabu mafaili tu. Kumbe talaka isiyo na ubishi inaisha asubuhi moja. Kesi yako inataka mashahidi, na ofisa wa ustawi wa jamii aende akamwone mtoto anapoishi. Hazilingani. Kwa hiyo tunapima muda ambao kila aina ya kesi inakula, tunajumlisha. Hapo ndipo tunajua majaji wanaohitajika."

"Na sisi tunaokuja bure?"

"Mnaweza kupewa taarifa kwa simu kabla hamjatoka nyumbani. Hilo nalo naliandika."

"Liandike kwa wino mzito."

Mwaka uliofuata waliletwa majaji wengine. Mmoja akapewa kesi za familia tu. Kila kesi ikapangiwa saa yake, na ujumbe ukaja kwa simu. Ngazi zikabaki wazi. Jirani wa mshonaji alidai matunzo ya wanawe, na kesi ikaisha upesi mpaka mwenyewe akashangaa.

Mshonaji naye alisikilizwa, bila kuharakishwa. Akashinda.

Nje ya mahakama alipiga magoti, akafungua mikono. Mtoto akajificha nyuma ya bibi yake.

"Nenda kwa mama yako," bibi alisema huku analia.

Mtoto alisogea polepole. Akatoa mkono kwa adabu, kama alivyofundishwa kusalimia wageni.

"Shikamoo," alisema. "Nyumbani nitarudi lini?"