Ree Tatu Nilizozitupa

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alisahau simu saluni kwangu. Jua lilipozama nikafunga, nikampelekea kule nyuma ya stoo ya rangi wanakochezea poka.

"Kaa kidogo, shemeji," akasema. "Tumepungukiwa mtu."

Nikakaa. Sikio la kufa halisikii dawa.

Tulikuwa wanne: shemeji, fundi rangi mwenye stoo, mimi, na mgeni waliyemwita Mpole. Shati safi, viatu vinang'aa. Lakini harufu... Kama maji ya nyama yaliyosahauliwa kwenye ndoo. Nilidhani ni rangi.

Haikuwa rangi.

Kila alipogusa karata alilamba kidole gumba. Mate yakavutika kama gundi. Karata zilinifikia zimelowa, zimegandwa na vipande vya ngozi. Nikazifuta kwenye suruali.

Ndipo nikapata ree mbili mkononi. Ya tatu ikafunuliwa mezani, kwenye karata za wote. Karata kubwa kuliko zote, na ninazo tatu!

Mpole akasukuma noti zake zote katikati.

Kumfuata, ilinibidi niweke akiba yangu yote ya kiti kipya cha kunyolea. Kama ningeshinda, ningenunua vinne.

"Mfuate," shemeji akaninong'oneza. "Anakutisha tu, hana kitu."

Mimi ni kinyozi. Shingo za watu ndizo shule yangu. Mtu akidanganya, mshipa wa shingo humuumbua, hurukaruka kama chura. Nikamtazama Mpole shingoni.

Nikasubiri.

Hakuna kilichopiga.

Kisha kitu kikatembea chini ya ngozi. Kinene. Polepole. Kutoka kwenye kola hadi nyuma ya sikio... kikatulia hapo, kama kinachosikiliza.

Nikavuta kiti changu nyuma.

Mpole akaniinamia. Pumzi yake ikaniingia mdomoni.

"Kweli sina kitu," akanong'ona. "Mbili na saba. Nifuate, ndugu yangu. Nimechoka kushinda."

Alikuwa ananibembeleza. Machozi yakamtoka, mazito, ya njano kama usaha.

Nikazitupa karata zangu.

Akalia kwa sauti ya sinki linalozibuka. Akainuka, akatoka, noti zote akaziacha mezani.

Fundi alikuwa amebanana na ukuta. "Mwaka jana yule alikuwa mzima kabisa," akasema. "Muuza miwani. Akaja mzee mmoja ananuka hivyohivyo, akaweka noti zake zote. Mpole akamfuata. Akashinda."

"Na mzee?"

"Alifia hapo mlangoni. Anacheka."

Shemeji hakuwa anasikiliza. Alikuwa amezifunua karata zangu.

"Ree tatu? Unatupa ree tatu? Mpumbavu wewe!" Akazoa noti za Mpole, akazikumbatia kifuani. "Nitacheza naye mimi!"

Nikamshika mkono. Akaniponyoka, akatokomea nje. Nilimwita mpaka sauti ikakauka.

Jumapili akaja kutusalimia. Shati jipya, mfuko umetuna. Akakaa, akanywa chai, akataniana na dada yake. Mke wangu alicheka naye, lakini alikuwa akifungua dirisha moja baada ya jingine.

Alipoondoka, mke wangu alikiosha kikombe chake mara tatu. Akakinusa. Akakifunga kwenye gazeti, akaenda kukitupa mbali.

Hakuniuliza kitu. Nami bado sijamwambia.