Mpole Amesaini Peke Yake

— Kitanda cha tatu, dripu ibadilishwe saa nne. Kitanda cha nne, presha imeshuka, mwangalie. Halafu mimi nimeacha kazi.

Mpole alisema hivyo hivyo, macho kwenye faili, kama anasoma dozi. Tulikuwa tunakabidhiana zamu asubuhi. Yeye ametoka kukesha peke yake na wagonjwa ishirini na wawili, mimi ndiyo naingia. Na huyo ni mchumba wangu! Miaka miwili tunapendana kwenye makabidhiano, maana kampuni inayomiliki hospitali hii haijawahi kutupanga zamu moja.

— Umesemaje?

— Nimesaini ile fomu ya kuondoka kwa hiari. Jana.

Damu ilinipanda kichwani. Kampuni ilikuwa imetangaza kila wodi ipunguze nesi mmoja. Sisi manesi tukakaa kikao, tukakubaliana hakuna kusaini. Wanaotaka kufukuza wafukuze wenyewe, na sababu waandike. Mpole alikuwepo. Tena yeye ndiye wa kwanza kunyoosha mkono!

— Kwa nini?

— Meneja kaniambia jina lililoko kwenye orodha ni lako. Nikaona bora niondoke mimi.

— Ukaniuliza?

— Ungekataa.

— Sasa kama ulijua nitakataa, ulisaini ya nini?

Bibi wa kitanda cha tano akajiinua kwenye mto.

— Mjukuu wangu, yaani wewe uende zako, huyu binti abaki na sisi wote peke yake?

— Bibi, nilitaka kumsaidia.

— Msaada gani huo wa kumwongezea mzigo?

Mpole, nesi wa miaka sita kazini, hilo hakuliwaza kabisa. Hapo hapo simu yangu ikalia. Ujumbe wa meneja:

"Sista, kuanzia kesho utaingia saa moja asubuhi, utatoka saa nne usiku, kisha nesi wa wodi jirani atapitia. Mwenzako ameondoka kwa hiari. Tunathamini moyo wako wa kujituma."

Nikamsogezea simu usoni. Akausoma mara mbili, uso ukamshuka.

— Samahani, mpenzi.

— Samahani yako nitaivaa mikononi? Maana hata glavu hamna humu! Fomu inatenguliwa?

— Mwisho leo saa tatu. Lakini nikitengua, jina lako linarudi.

— Lirudi! Mimi siogopi orodha. Naogopa kuolewa na mtu anayeniamulia maisha yangu, halafu ananipa taarifa katikati ya dripu na presha. Kama hutengui, mwambie mjomba wako Jumamosi asije kwetu na posa yenu.

Nilimwona alivyochomwa. Nami roho iliniuma, lakini sikurudi nyuma.

Matroni alikuwa mlangoni, kumbe amesikia yote.

— Nendeni. Nawashikia wodi dakika kumi. Mkizidisha nawafukuza mimi kabla ya kampuni.

Meneja alitupokea kwa tabasamu la ofisini.

— Kijana, umechoka tu. Nenda kalale.

— Naomba fomu yangu.

— Ukiichukua, anayeondoka ni mchumba wako. Umelielewa hilo?

Mpole akanigeukia. Mama yangu ananitegemea mimi tu. Ingetosha niiname kidogo, angeanza tena huruma zake. Nikamkazia macho.

— Nimeelewa, akasema. — Kama ni yeye, mwandikie barua ya kumfukuza sasa hivi. Na sababu uiweke.

Meneja akachukua kalamu. Akatazama karatasi, akanitazama mimi. Ataandika nini? Mvivu? Mwezi uliopita alinipa cheti cha mfanyakazi bora, hata picha tukapigwa.

— Nitawaita, akasema, akaisukuma fomu upande wetu.

Mpole akaichana vipande vinne, akatoka amenishika mkono. Kwenye korido akaninong'oneza:

— Bado wanaweza kukufukuza.

— Wanaweza. Tutahangaika wote wawili.

— Na mimi bado umenikasirikia?

— Sana! Usinisogelee.

Akasimama. Akajikuna kichwa, mtu mzima kama mwanafunzi aliyechelewa.

— Jumamosi... mjomba aje saa ngapi? Wewe unaonaje?

Jamani, ameniuliza! Nikamwambia saa kumi, nikakimbilia wodini nikifuta machozi kwa mkono wa sare.