Ukurasa Uliochapwa Mara Mbili

Kila siku baada ya shule, Katibu alivua viatu mlangoni, akala kilichofunikwa mezani, akaosha sahani yake, kisha akaingia chumba cha mbele kuchapa. Hakuna aliyemlazimisha. Wala hakuna kingine alichotaka kufanya.

Jina la Katibu alipewa na shangazi yake kwa utani, kwa sababu alikaa kwenye kompyuta ameunyoosha mgongo kama katibu wa mkutano mkuu. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili. Yeye na baba yake, fundi umeme, walihamia kwa shangazi baada ya mama yake kufariki. Majirani walimsifu kwamba ana moyo wa chuma, maana hakulia hata siku ya mazishi. Majirani nao kwa kusifu! Haukuwa moyo wa chuma. Ilikuwa ganzi, kama ile ya mguu uliokaliwa muda mrefu, ila hii ilimshika mwili mzima na haikuisha. Chakula alikula, darasani alijibu, na akiulizwa hali alisema nzuri.

Shangazi yake alikuwa mkutubi wa chuo cha wachungaji mpaka alipostaafu. Kazi iliyokuwa ikifanyika chumba cha mbele ilikuwa yake. Chuoni kulikuwa na maandishi ya Wakristo wa karne za mwanzo: barua, mahubiri na mafundisho ya watu walioishi muda mfupi baada ya mitume. Walimu wa zamani walikuwa wameyatafsiri kwa Kiswahili na kuyapiga taipu. Nakala ilikuwa moja tu, na wino wake ulikuwa unafifia. Madukani vitabu vya namna hiyo havikupatikana kirahisi, na vilipopatikana, mwinjilisti wa kawaida aliangalia bei, akavirudisha rafuni haraka kama mtu aliyeshika kaa la moto. Shangazi aliamua kutengeneza maktaba nzima ndani ya memori kadi, ile kadi ndogo kama ukucha inayochomekwa kwenye simu. Mtu angeweza kusoma kwenye simu yoyote ya bei nafuu, bila mtandao wala bando.

Kompyuta ilishindwa kusoma picha za kurasa zile zilizofifia, kwa hiyo zilichapwa upya kwa mkono. Hapo shangazi alikuwa na utaratibu wake, na hakukubali upindwe. Watu wawili walichapa ukurasa uleule, kila mmoja kwenye meza yake, bila kuulizana wala kuchunguliana. Kisha programu ililinganisha kazi zao na kuonyesha kila mahali zilipotofautiana. Palipokuwa na tofauti, shangazi alirudi kwenye karatasi kuona nani amekosea.

Mchapaji mwingine alikuwa binti wa shangazi, aliyekwisha kumaliza sekondari. Walimwita Treni. Alichapa kwa kasi ya kutisha, na mama yake alipenda kusema kwamba treni hiyo haisimami vituo vidogo.

Wiki moja walianza kuchapa barua ndefu ambayo askofu mmoja wa kale aliwaandikia watu waliofiwa. Katibu alisoma mstari wa kwanza, akaurudia, akaurudia tena. Maneno yalifika machoni yakaishia hapohapo. Hakusikia huzuni. Hakusikia chochote. Flashi ya Treni ilikuwa juu ya meza, na mwenyewe alikuwa jikoni. Katibu akaichomeka, akanakili kazi ya dada yake na kuihifadhi kwa jina lake. Kisha akafanya ujanja wa mwizi anayefagia nyayo zake: akaharibu maneno machache kwa makusudi, hapa herufi, pale nukta, ili tofauti zisikosekane.

Hakuogopa. Hilo lilimshangaza kidogo, halafu hata mshangao wenyewe ukaisha. Kesho yake akafanya hivyo tena, na kesho kutwa, mpaka barua yote ikamalizika.

Shangazi alizikuta zile tofauti chache, akazisahihisha, akafurahi. Mezani alimwambia fundi umeme kwamba binti yake sasa amekuwa mchapaji kamili. Baba mtu akatabasamu, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa muda mrefu. Katibu akaendelea kula.

Kabla ya kitabu chochote kutolewa, mwinjilisti mmoja mzee wa mtaa wa pili alikijaribu kwanza kwenye simu yake. Jumatano alikuja, akakataa kukaa, akamnyooshea shangazi simu.

"Dada," alisema, "askofu wako ameahidi sababu tatu za kutokata tamaa. Mimi nimezihesabu mbili. Ya tatu ameila nani?"

Shangazi alicheka, akaenda kuzitoa karatasi. Sababu ya tatu ilikuwepo, aya nzima. Ilianza kwa maneno yaleyale yaliyoanza aya iliyoifuata, na jicho la mchapaji lilikuwa limerukia ya chini. Ni kosa la kawaida kwa wanaonakili. Lakini shangazi aliacha kucheka.

"Mmoja kuruka, sawa," alisema polepole. "Wawili kuruka palepale, hapana. Hii programu ni mbovu."

Hakumwangalia hata Katibu. Alivua miwani akaanza kueleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo sauti ilivyopungua. Ikiwa programu imeshindwa kuona aya nzima, basi huenda imekuwa ikishindwa tangu mwanzo. Vitabu vyote walivyokwisha kuvimaliza havikuwa vya kuaminika tena. Ingebidi vifutwe, karatasi zilizokwisha kurudishwa chuoni ziombwe upya, na kila kitu kichapwe tangu ukurasa wa kwanza. Mwalimu wa chuo aliyekuwa asafiri Jumamosi na memori kadi za wainjilisti wa mbali angesafiri mikono mitupu. Treni alimkumbusha kwamba hiyo ni kazi ya miaka. Shangazi akajibu kwamba hawezi kumpa mtu kitabu ambacho yeye mwenyewe hakiamini.

Katibu alisimama kando ya meza yake. Kunyamaza kulikuwa rahisi sana. Lawama ilikwisha kupata pa kulala, tena kwa kitu kisicho na mdomo wa kujitetea. Lakini kitu kilianza kumchoma shingoni na masikioni. Ilimchukua muda kukitambua, kwa sababu hakuwa amesikia kitu kwa muda mrefu. Alikuwa anaona haya.

"Shangazi, programu ni nzima," alisema. "Ni mimi. Sikuchapa."

"Hukuchapa nini?"

"Barua yote. Nilinakili ya dada kwenye flashi yake. Halafu nikaharibu maneno kidogo ili usijue."

Mwinjilisti aliiangalia simu yake kana kwamba amepigiwa. Treni ndiye aliyezungumza kwanza, akasema kwamba basi kosa la kuruka ni lake, wala asisingiziwe mtu. Shangazi akamtaka Katibu amtazame usoni, akamwuliza kama kuna kitabu kingine alichokifanyia hivyo. Katibu akasema hakuna, ni hicho tu.

"Kwa nini, mwanangu?"

"Nilisoma, maneno hayakuingia. Hayaingii. Tangu mama."

Neno hilo la mwisho hakuwa amelitamka hata mara moja ndani ya nyumba ile.

Shangazi hakugomba. Alivaa miwani yake akamwambia kwamba barua lazima ichapwe kabla ya Jumamosi, na atakayeichapa ni yeye, neno kwa neno. Ila kila maneno yatakapokataa kuingia, ainuke, aseme kwamba ameshindwa, na apumzike. Alhamisi Katibu aliinuka mara nyingi. Hakuna aliyemcheka. Jioni yeye mwenyewe alimweleza baba yake. Fundi umeme akakiri kwamba naye kazini alikuwa ameunganisha nyaya vibaya na kuzirudia kimyakimya, bila kumwambia mtu kwamba akili yake haipo.

Ijumaa kazi ikalinganishwa. Skrini ilijaa alama nyekundu, nyingine makosa ya Katibu, nyingine ya Treni, pamoja na maneno ambayo Treni aliyaruka na hakuna aliyekuwa ameyaona. Walirudi kwenye karatasi mara kwa mara mpaka macho yakauma. Jumamosi asubuhi mwalimu aliondoka na memori kadi zake, na sababu zote tatu zilikuwemo.

Mwalimu alipokwenda, shangazi alimwita Katibu akae karibu naye.

"Mashahidi wawili wakipatana nje ya mahakama, hao ni shahidi mmoja," alisema. "Sikukuweka pale kwa sababu hukosei. Unakosea sana tu. Lakini makosa yakiwa yako kweli, ya mwenzako yanaonekana, na msomaji anapata haki yake. Ulichoninyima si kazi. Umeninyima jicho la pili. Nilidhani tuko wawili, kumbe nilikuwa peke yangu. Na kwa mambo mengine ni hivyohivyo. Ukiwa huwezi, sema huwezi. Ukisema hali nzuri na si nzuri, sisi tutakusaidiaje? Umenielewa?"

"Nimekuelewa," alisema Katibu. Kisha akasema, "Shangazi, namtaka mama."

Shangazi alikisogeza kiti chake mpaka mabega yao yakagusana.

"Hata mimi," alisema. "Namtaka sana wifi yangu."