Ngisi Waliokataa Kaa

Kaa alipita mbele ya macho ya ngisi, akapita salama.

Duan ndiye aliyemwona kwanza. Alikuwa amechuchumaa akifuta maji chini ya matangi ya upande wa kulia, na ngisi yule, badala ya kufyatua mikono yake miwili mirefu amnase kaa, alimtazama tu. Ngozi yake ikapitiwa na kivuli kama cha wingu. Kisha akageuka, akasogea hadi kwenye kioo na kumkazia Duan macho, kama mtu anayemkumbusha mwenzake ahadi.

Duan akaendelea kufuta palepale.

— Ora! Njoo uone maajabu! — Wit, mtafiti mwenye matangi yale, alikuwa ameinama upande wa pili. — Wa kulia nao wanakataa kaa!

Orathai, msaidizi wake, alikuja akitafuna embe bichi la chumvi na pilipili.

— Labda leo siku takatifu, wameacha nyama.

— Sicheki. Wa kushoto wanapata kamba kila jioni, ndiyo maana asubuhi wanamdharau kaa. Wanajua kitamu kinakuja. Lakini hawa wa kulia leo wanapata, kesho hawapati, hawana uhakika. Walipaswa kula chochote! Nani anawalisha jioni?

— Mimi. Na nawalisha kama ulivyoniagiza.

— Basi umechanganya matangi.

— Niite mropokaji, Kaka Wit, niite mlafi, hayo nakubali. Kuchanganya sijachanganya.

— Kazi yote imeharibika! Kesho usije. Nitamwambia profesa mwenyewe.

Ora akaliweka embe mezani bila kulimaliza, akatoka.

Duan alikuwa mwosha matangi tu. Aliacha shule darasa la nne, na mbele ya wasomi wa kituo kile cha utafiti, pwani ya Rayong, maneno yalimkwama kooni. Ila Wit alikuwa na desturi ya kukaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na kumweleza mambo huku deki ikiendelea. Alitaka kujua, alisema, kama ngisi anaweza kuiwaza jioni ingali asubuhi. Mapenzi yaliingia hapo, kimyakimya. Na ilikuwa hapohapo jioni moja alipomwambia:

— Kazi hii ikiisha, Duan, naenda Japani kusoma. Miaka kadhaa.

Duan alikuwa na neno moja la kumwambia. Likamkwama. Akasema:

— Nenda salama, Kaka.

Tangu jioni ile, kila Ora alipoondoka, mkono wa Duan ulidondosha kamba kwenye matangi ya kulia.

Adhuhuri simu yake ikatetemeka. Ni Wit, na swali lake la kila siku:

"Umeshakula wali?"

Kisha ujumbe mwingine: "Safari ya Japani imesimama. Naanza upya na mayai mapya ya ngisi. Nimechoka, Duan."

Moyo ukamruka kwa furaha. Halafu akaishtukia ile furaha, akaona haya kama mtu aliyejikuta anacheka msibani.

"Nimekula," akajibu. Hakuwa amekula.

Jioni alinunua sokoni shada la asumini la kuombea radhi, akaenda chumbani kwa Ora. Alimkuta anafungasha nguo. Akapiga magoti, akaunganisha viganja.

— We mtoto, shada la nini? Mimi si mtawa.

— Ni mimi, Dada Ora. Mimi ndiye niliyewapa kamba wale wa kulia.

Ora akakaa kitandani taratibu.

— Kwa nini?

— Niliwahurumia. Wenzao wanakula, wao wanatazama. Nilikuwa natafuta thawabu.

— Thawabu! Na paka wa hekaluni je? Wako wengi, na wamekonda kuliko wewe.

Duan akainamisha kichwa.

— Haya. Asubuhi utamwambia Wit, na mimi nikiwapo. Nataka nimwone sura.

Asubuhi Wit alimsikiliza akiwa juu ya ndoo yake. Uso ulimkunjamana, ukakunjuka, na mwisho akamgeukia Ora.

— Ora, nimekuonea. Nisamehe.

— Kwa mdomo mtupu? Ninunulie kaa wa kukaanga. Wengine hatukatai kaa.

Wit akacheka. Akamtazama Duan kwa macho laini.

— Na wewe, ningekukaripia, lakini nitamkaripiaje mtu kwa sababu ya huruma yake? Jumapili namleta mama kwenu. Kwa kuwa safari imesimama, nafasi ninayo.

Kila alichokitaka Duan kilikuwa kimekuja, na hakikupita kooni.

Jumapili kina mama wawili walikaa mkekani, wali wa kunata wa tui katikati yao.

— Huyu hata sisimizi hamkanyagi, — mama yake Duan alijisifia.

— Nimesikia! Binti anayelisha mpaka ngisi wa watafiti! Mwanangu ameokota lulu. — Mama yake Wit akatoa bangili ya dhahabu ya uchumba. — Lete mkono, mwanangu.

Duan akauficha mkono mgongoni.

— Nisamehe, mama. Siwezi kuivaa.

— We Duan! — mama yake akamfokea kwa kunong'ona.

— Haikuwa huruma. Wale ngisi hawakuwa na njaa, kaa walikuwapo. Kaka Wit alishanieleza yote. Nilijua wakizoea kamba kila jioni watakataa kaa, na wakikataa kaa kazi itaharibika, na kazi ikiharibika hakuna Japani. Nilijua, nikawapa. Dada Ora alipofukuzwa nilikuwa pale na kitambaa mkononi, nikanyamaza. Na uliponiandikia kwamba safari imesimama, nilifurahi.

Feni ilizunguka. Bangili ilibaki hewani, mkononi mwa mama yake Wit.

— Ulinidanganya, — Wit akasema.

— Ndiyo.

— Hata ulipokuja kuungama, ulinidanganya tena.

— Ndiyo, Kaka.

Wit akaichukua ile bangili kutoka kwa mama yake. Duan alidhani ataitia mfukoni. Lakini aliishika tu, akiizungusha vidoleni, hamtazami.

— Siku ile nilipokuambia naenda Japani, ulikaa kimya kwanza, kabla ya kusema "nenda salama". Mimi nilikuwa nangoja. Ulitaka kusema nini?

Kina mama wote wawili walimgeukia. Neno lilikuwa palepale kooni, wala halikuwa limehama.

Duan akainua uso.

— Usiende.