Mlango wa Chumba cha Barafu

Jua lilikuwa linazama Hashimu aliporudi kufunga duka, hasira zimemfika kooni. Kochi jingine limerudishwa. Gundi imeachia, kitambaa kinanuka sangara.

Hapo ufukweni Musoma palikuwa na kiwanda cha samaki. Sasa wamepapaka rangi: fleti juu, maduka chini. Yeye wakampa chumba cha barafu, na mlango wake ule ule wa chuma, mnene kama godoro, eti unapendeza. Mashine za baridi ziling'olewa zamani. Bado mbao zake za makochi zililowa kila kukicha, na mtaji wake wote ulikuwa mle ndani.

"Ni unyevu wa ziwa, fundi," Prudence, msimamizi wa jengo, alishamwambia, macho kwenye simu. "Uwe unafungua dirisha."

"Dirisha lipi, dada? Nionyeshe tu, nikalifungue."

Nje ya duka, mama Boke, aliyewahi kufanya kazi kiwandani, alikuwa anakaanga samaki.

"Sisi tulikuwaga hatufungi huo mlango bila kuita," alisema. "Unauliza kama kuna mtu. Ndiyo unafunga."

"Mama, mimi nauza makochi. Mashetani siuzi."

"Kuna jioni bosi alikuwa na haraka. Hakuita, akafunga." Akageuza samaki.

Hashimu akaushika mlango, akapaza sauti kwa kejeli.

"Haya, kuna mtu?"

Akaanza kuuvuta mlango.

Halafu, kutoka nyuma ya mbao:

"Subiri, kaka. Nakuja."

Sauti ya mwanamke. Ya upole. Na Hashimu, kwa adabu tu aliyolelewa nayo, akasubiri.

Chwa... chwa... chwa...

Mabuti ya mpira, yanakanyaga maji. Sakafu ilikuwa kavu. Baridi ikampita shavuni, na shombo nyuma yake.

"Asante."

Hakuona mtu.

Akaubamiza mlango, akatia komeo, akamkimbilia mama Boke. Akamweleza yote.

"Afadhali katoka," alisema yule mama. Kisha mkono wake ukasimama juu ya karai. "Uliita tena?"

"Nimwite tena nani?"

"Unaitaga mpaka asiitikie mtu, fundi." Sasa alikuwa ananong'ona. "Hakuwa peke yake."

Hashimu akarudi mlangoni. Alikuwa na hasira zaidi kuliko woga; duka lake, jasho lake. Akaweka kiganja kwenye chuma. Kikanata kwa baridi. Akafumbua mdomo aite.

Hakuwahi.

Mlango ukasukumwa toka ndani, komeo likacheza. Si kwa fujo. Taratibu tu, kama watu waliokwisha kuzoea kutofunguliwa.