Nanga ya Makucha Manne

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya shule, Bibiana alivua kwa ndoana na mjomba wake Kasiani katika ziwa lililo bondeni, chini ya Newala. Mjomba aliteremka kutoka kwao juu, Chilangala, baada ya baba yake Bibiana kufariki. Yeye alipiga kafi. Bibiana alishusha nanga, yaani jiwe la mviringo lililofungwa kamba.

Siku hiyo jiwe halikuwemo mtumbwini. Palikuwa na chuma kipya chenye makucha manne.

"Shikamoo, Mjomba. Jiwe langu liko wapi?"

"Marahaba. Nimelitupa. Siku hizi biashara ni ruksa, maduka ya Newala yamejaa bidhaa. Nani bado anafunga jiwe?"

"Lakini chini kuna visiki vya miti iliyozama. Makucha yatanasa!"

"Ndiyo kazi yake! Kwetu juu, ndoo ikitumbukia kisimani tunaitoa kwa kiopoo chenye makucha kama haya. Nimeopoa ndoo kabla hujazaliwa. Shusha!"

Bibiana alishusha, uso umemvimba kwa hasira.

Walipopata perege saba, upepo ukavuma. Mjomba akavuta kamba. Nanga haikutikisika. Akavuta kwa nguvu zote hata mtumbwi ukainama, maji yakaingia, perege wakaelea na kwenda zao.

"Kata!" alipiga kelele. Bibiana akachukua panga akakata. Nanga ikabaki chini na kamba karibu yote.

Ufukweni, mbele ya akina mama waliokuwa wakifua, Mjomba alisema, "Mtoto huyu amefunga vibaya, amenipotezea nanga. Kesho hapandi mtumbwi."

Bibiana alipaza sauti. "Mtumbwi ni wa marehemu baba! Na fundo halikufunguka, Mjomba, uliniamuru nikate. Kiopoo hushika ili kitoe kitu. Sisi tunataka nanga ishike, kisha iachie!"

"Kasiani," mama mmoja alicheka, "ulitaka kuopoa ziwa zima?"

Mjomba alishika njia ya nyumbani.

Jioni Bibiana alitafuta jiwe laini, kubwa kama boga. Kati ya jiwe na kamba nyingine aliunga kipande cha kamba ya katani iliyochakaa. Alfajiri alikuwa wa kwanza kukaa mtumbwini, akakataa kushuka. Mjomba akaguna, akashika kafi.

Walipotaka kurudi, hata jiwe lilinasa kwenye visiki. Bibiana alivuta kwa nguvu mara moja. Katani ikakatika, jiwe likabaki, kamba yote ikarudi. Mjomba aliishika ncha iliyokatika, akaichunguza.

Waliporudi, aliwaita akina mama. "Jana nilimsingizia mtoto huyu mbele yenu. Nanga niliipoteza mimi. Kifaa huchaguliwa kwa kujua mahali kitakapofanya kazi, si kwa kung'aa dukani. Na mkubwa akikosea, aseme amekosea. Nisamehe, mwanangu."

Hasira ya Bibiana haikuisha yote.

"Basi tafuta jiwe jingine, Mjomba," alisema. "La mviringo."

Mjomba akainama, akaanza kutafuta.