Mume Wake Yuko Nyuma

Asubuhi taulo la tatu lilikuwa limelowa.

Nesi alilishika akalinusa. Lilinuka udongo mbichi, kama shimo lililochimbwa sasa hivi.

"Umelitumia wewe?" akamuuliza wifi yake.

"La nini, wifi? Mimi nina langu."

Gesti hiyo ya kwanza walipewa mataulo matatu kwa sababu Nesi aliomba matatu. Wanawake wawili wenye mabegi mgongoni, gari kuukuu, barabara ya pwani na gesti za bei rahisi: kila mwanaume aliyekaa kaunta alitaka kujua waume zao wako wapi. Nesi hakujaliwa subira, na ile kidogo aliyokuwa nayo aliiacha wodini. "Mume wake yuko nyuma, anakuja," alisema, akimwonyesha wifi yake kwa kidevu, na maswali yakaisha.

Ulikuwa uongo mtamu. Ila mume huyo alikuwa kaka yake Nesi, na alikuwa kaburini mwaka mzima.

Safari yenyewe ilikuwa wazo la Nesi. Tangu mazishi, wifi yake alikuwa hacheki, hagombani, hata chumvi ikizidi hasemi. Nyumbani alikuwa na binti wa miaka minne waliyemwita Kasuku, naye alikuwa akilelewa na bibi kana kwamba hana mama. Nesi aliomba likizo ya wiki mbili, akaapa atamrudishia mtoto yule mama yake akiwa mtu kamili. Hakutaka kingine.

Gesti ya pili akarudia uongo ule ule. Walipokuwa wakiondoka, Nesi alifunga mlango wake wa gari, wifi akafunga wake, kisha mlango wa nyuma nao ukajifunga. Nesi akageuka. Kwenye kiti kulikuwa na mabegi yao tu, lakini yalikuwa yamesogezwa upande mmoja.

"Upepo," akasema.

Hakukuwa na upepo.

Baada ya gesti ya tatu ndipo wifi alipoanza vituko. Wakisimama kununua maji, hataki waondoke. "Tumsubiri kidogo," anasema.

"Tumsubiri nani?"

Wifi anatazama barabara walikotoka. Jua linachoma, injini inapanda joto, Nesi anapiga usukani kwa kiganja mpaka kinamuuma. Halafu siku ya sita, saa nane mchana, wifi akacheka. Kile kicheko ambacho Nesi alikisubiri mwaka mzima kikaja chenyewe, kizuri, cha msichana, ila mwenye nacho alikuwa amegeukia kiti cha nyuma.

Gari likagoma siku hiyo hiyo. Fundi wa gereji aliinama, akachungulia chini, akainuka akijifuta mikono.

"Dada, mwambie mzee ashuke kwanza. Siwezi kupiga jeki na mtu ndani."

"Mzee gani?"

Fundi akatazama dirisha la nyuma. Akaweka jeki chini polepole, asiigonge. "Spring zote za nyuma zimelala," akanong'ona. "Dada, hili si la kwangu. Nenda nyumba ile ya bati la bluu, kwa mama mkwe wangu."

Mama mkwe alikuwa mganga, tena asiye na makuu. Alikuwa akitazama televisheni na hakupunguza sauti.

"Nani alimwita?"

"Hakuna aliyemwita," Nesi akajibu.

"Usinipotezee muda, binti. Jini havunji mlango. Mlisema nini?"

Nesi akaeleza. Mganga akasonya.

"Mmempa jina, kiti na mke. Mlitaka aondoke kwa hisani? Huyo si kaka yako. Kaka yako amelala. Huyu ni mpita njia, amesikia kuna nafasi. Sasa rudi kila ulipomwambia mtu kwamba anakuja. Umtafute yule yule uliyemwambia, useme mbele yake kwamba haji, amekufa. Akibaki mmoja, naye anabaki."

Basi wakaigeuza safari, na gari lililogoma likawaka mara moja. Kuna kazi ya kuudhi kama kumtafuta mtu ili umwambie umemdanganya? Wa gesti ya tatu alimcheka. Wa gesti ya pili alikuwa likizo, wakamsubiri siku mbili, na kwa siku hizo mbili wifi hakumsemesha Nesi, alinong'ona tu na kiti. Lakini kila Nesi aliposema, "Haji, amekufa," gari lilinyanyuka kidogo. Na kwenye gesti ya kwanza wifi mwenyewe alishika kaunta kwa mikono miwili, akasema, "Mume wangu amekufa," akalia kilio ambacho hakukilia msibani. Harufu ya udongo ikaisha. Nesi naye akalia, kwa furaha na kwa uchovu.

Waliingia nyumbani alasiri. Wifi alishuka wa kwanza, macho yamevimba, anatabasamu, mikono imefunguliwa.

Kasuku alitoka mbio mlangoni, akampita mama yake kama mtu anavyopita nguzo, akaenda moja kwa moja kwenye mlango wa nyuma wa gari, akasimama na mikono juu akisubiri kubebwa, na Nesi, akiwa bado ameshika ufunguo, akahisi gari linashuka taratibu chini yake, na pua yake ikajaa udongo, na hapo ndipo alipokumbuka siku ya mazishi, nyumba imejaa watu na mtoto anauliza na kila mkubwa anatazama pembeni, mpaka yeye Nesi, kwa kukosa subira, akamchukua akamwambia baba amesafiri, anakuja, na tangu siku ile nyumba nzima ikawa inamwimbia hivyo hivyo, asubuhi na jioni, mwaka mzima.

Akashuka. Akapiga magoti hapo hapo mchangani.

"Kasuku, mama, njoo kwa shangazi," akasema kwa sauti ndogo. "Nisikilize. Baba haji. Baba alikufa."

Mtoto alimtazama. Kisha akageukia dirisha la nyuma, akainamisha kichwa, akasikiliza.

"Shangazi," akasema, "baba anasema wewe umezoea kudanganya."